Kakakuona Aliyechoka Kutabiri Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma nimesikia mmoja tu akiitika, tena alikuwa anakohoa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko wote. Hapo zamani za kale, kabla kuku hajahamia kwa watu, palikuwa na kijiji cha wanyama bondeni, na pembeni ya kijiji aliishi Kakakuona. Mnamjua. Mwili mzima magamba, kichwa kidogo, mkia mrefu. Akishtuka anajiviringa, viringi, anakuwa mpira. Hana jino hata moja. Chakula chake ni sisimizi na mchwa, na hajawahi kulalamika.

Wanyama wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Kakakuona akitokea mbele za watu, hasalimiwi. Anawekewa vitu vitatu chini: kibuyu cha maji, kikapu cha mtama, na fimbo. Kisha kijiji kizima kinakaa kimya kumtazama. Akiyaendea maji, mwaka una mvua. Akiuendea mtama, mwaka una mavuno. Akiiendea fimbo, vita vinakuja, kila mtu atafute pa kujificha.

Sasa fikirini wenyewe. Mtama hali, hana meno. Fimbo hana kazi nayo. Na ametembea juani. Kila mwaka aliyaendea maji, na kila mwaka kijiji kilishangilia mvua. Mwaka wa ukame walisema alikunywa kidogo.

Kwa heshima, Kakakuona hakuwa na shida. Heshima alikuwa nayo tele. Alichokosa ni mtu wa kumwambia umeamkaje. Akipita njiani, mazungumzo yanakatika. Akikaa kivulini, wengine wanahama, kivuli kinabaki chake peke yake. Watoto walikatazwa kumcheka, na mtoto akishakatazwa kukucheka hana tena cha kufanya na wewe. Jioni aliwasikia wanyama wakirudi kazini, wanataniana njia nzima, na upweke ulimuuma kama jino, ingawa meno hakuwa nayo.

Akajiambia, "Hawa wamejuana kazini. Na mimi nitafute kazi."

Wakati huo Fundi Ngiri alikuwa anajenga ghala la kijiji, la kuwekea mavuno kabla ya masika. Kakakuona akamwendea asubuhi.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kuomba kazi."

Ngiri akawageukia vibarua wake. "Nyamazeni. Anasema."

"Nimekuja kuomba kazi."

"Amesema kazi," Ngiri akawaambia kwa sauti ya chini.

Kima alikuwa juu ya paa, yeye na mdomo wake. Akauliza, "Kazi maana yake nini?"

"Maana yake mwaka huu tutafanya kazi sana."

Wote wakaguna. Kibuyu kikaletwa, mtama ukaletwa, fimbo ikaletwa. Kakakuona akanywa maji, akaenda zake. Nyuma yake akawasikia wakishangilia.

Akaenda kwa Nyegere, mrina asali. Nyegere haamini mambo ya bahati. Ameumwa na nyuki mpaka haamini chochote.

"Unataka kazi," Nyegere akasema. "Umewahi kufanya kazi wapi?"

"Bado sijawahi."

"Basi kafanye kwingine kwanza, ndipo uje kwangu."

"Na huko kwingine wakiniuliza hivyohivyo?"

Nyegere akafikiri. "Watakuwa wamefanya vizuri," akasema, akaendelea kujikung'uta nyuki.

Kakakuona akarudi amejiinamia. Njia ilipita nyuma ya ghala, na nyuma ya ghala palikuwa na jiko la vibarua. Mpishi alikuwa Bi Kanga. Bi Kanga hakuwa na muda wa utabiri. Alikuwa na chungu motoni na midomo mingi inayongoja.

"Shikamoo, Bi Kanga."

"Marahaba."

Kakakuona nusura ajiviringe. Shikamoo yake haikuwahi kuitikiwa tangu azaliwe.

"Nimekuja kuomba kazi," akasema.

"Kazi ipo, malipo hayapo. Fundi amenipa chungu, msaidizi hakunipa. Ukitaka kujitolea, jitolee. Unajua kuchambua choroko?"

"Sijui."

"Jiwe unalijua?"

"Jiwe nalijua."

"Basi kaa. Jiwe toa, choroko acha."

Akapewa ungo. Akakaa. Jiwe akatoa, choroko akaacha. Jiwe akatoa, choroko akaacha. Alikuwa ameanza kuzoea, mara mfuniko wa chungu ukaanguka, kang'! Kakakuona viringi. Ungo kule, choroko huku. Akangoja mle gizani tumboni mwake, asikie watu wakifasiri. Hakusikia kitu. Alisikia moto ukipulizwa. Baada ya muda Bi Kanga akasema, "Ukimaliza humo ndani, zikusanye."

Akazikusanya.

Kesho yake tawi likavunjika, kwacha! Kakakuona viringi. Ungo kule, choroko huku.

"Zikusanye," Bi Kanga akasema.

Kesho kutwa Kima akapiga chafya juu ya paa, chya! Kakakuona viringi. Lakini safari hii alijiviringa akiwa ameukumbatia ungo, na choroko hazikumwagika hata moja. Bi Kanga akamtazama.

"Hapo sasa umeanza kujua kazi," akasema.

Akamfundisha mengine. Akamfundisha kupanga kuni ili moto uvute hewa, kupima maji kwa jicho, na kusonga ugali mpaka ukubali. Akaunguza mara kadhaa. Vibarua walikula ukoko bila kusema neno, maana nani atamlalamikia bahati? Bi Kanga peke yake ndiye aliyemlalamikia, na alilalamika kwa niaba ya wote.

Ukaja mchana ambao Bi Kanga alimpa upawa. "Leo unapakua wewe."

Vibarua wakapanga foleni kama wanaokwenda kuhukumiwa. Wa kwanza alikuwa Kima. Kakakuona akampakulia. Kima akatazama bakuli lake.

"Umenijazia sana," akanong'ona. "Nini kitanipata?"

Kakakuona akafikiri. "Utashiba," akasema.

Kima akaenda kula. Akashiba. Akawaambia wenzake kwamba jambo limetimia.

Tangu siku hiyo kila mmoja alitaka lake. "Na mimi kesho nitakuwaje?" Kakakuona anajibu, "Utakuwa na njaa, uje mapema." Wanakuja mapema, wana njaa, wanastaajabu. Kidogo kidogo maswali yakageuka salamu, na salamu zikageuka utani. Kima alimwita shemeji ingawa hakuwa na dada wa kumpa. Kakakuona akajifunza kujibu, tena akajifunza kujibu kwanza kabla hajachokozwa.

Jambo moja tu lilibaki. Chakula kikishapakuliwa, vibarua walikula pamoja kama walivyojenga pamoja, wamezunguka sinia moja la kitoweo. Kakakuona alikula amesimama penye mafiga, na chakula chake juu ya jani. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha pia. Kutia mkono sinia moja na bahati, nani angethubutu kuanza? Hilo lilimuuma kuliko siku zote za upweke, maana sasa walikuwa karibu, na bado alikuwa nje.

Basi, siku moja wingu likasimama juu ya bonde. Jeusi, zito. Ghala lilikuwa limebakiza ukuta mmoja kukandikwa, na mtama wote wa kijiji ulikuwa nje, umeanikwa juu ya majamvi. Ukilowa unaota, ukiota kijiji hakina chakula. Radi ikanguruma, ndu ndu ndu.

Watu wengine wakiona wingu hukimbilia kazi. Hawa walikimbilia desturi. Wakatupa makoleo, wakaleta kibuyu cha maji, kikapu cha mtama, na fimbo. Fundi Ngiri mwenyewe akaviweka chini mbele ya Kakakuona, akapiga magoti.

"Tuambie," akasema. "Tuna muda au hatuna?"

Wote wakakaa kimya kumtazama. Hata Kima.

Kakakuona akasimama pale na ungo mkononi. Aliona wazi lililo mbele yake. Akinywa maji, wataanza kufasiri, na watafasiri mpaka mvua iwakute wamekaa. Mtama utaoza. Na yeye atarudi kuwa kitu cha kutazamwa, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Mgongo ukaanza kupinda wenyewe. Alitaka kujiviringa, alitaka sana. Akauweka ungo chini, akanyoosha mgongo.

Akayaendea maji. Wote wakashusha pumzi. Akakiinua kibuyu, akayamwaga maji yote kwenye lundo la udongo mkavu, mwaa. Akaingia ndani ya udongo, akaanza kukanyaga, chapa chapa chapa. Akatoka. Akauendea mtama, akaubeba kikapu kizima, akampa Bi Kanga. Kisha akaiendea fimbo. Kima alikuwa ameshafika juu ya mti. Kakakuona akaichukua fimbo, akaichomeka ukutani palipokosa ufito. Ikakaa sawasawa.

Ngiri bado alikuwa amepiga magoti. "Hii maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake ukuta haujakandikwa," Kakakuona akasema.

Ngiri akautazama ukuta. Kweli ulikuwa haujakandikwa. Akainuka.

Wakaanza. Wa kuchota akachota, wa kukanyaga akakanyaga, wa kukandika akakandika, paf, paf, paf. Waliobaki wakabeba mtama. Kakakuona alikuwa anabeba udongo kichwani, hatazami miguu, akakanyaga pembe ya chini ya ukuta iliyotoka kukandikwa muda huohuo. Pembe ikameguka.

"Wewe, huoni unapokanyaga?" Ngiri akafoka. "Umeniharibia pembe yangu."

Mikono yote ikasimama. Ngiri mwenyewe alisimama mdomo wazi, amejisikia alichosema.

"Samahani, fundi," Kakakuona akasema.

Ngiri akatazama juu. Wingu halikuwa limeongezeka. Akatazama chini. Ardhi haikupasuka.

"Samahani haikandiki," akasema. "Rudia."

Kakakuona akarudia. Alirudia huku furaha imemjaa, maana katika maisha yake yote, ukimtoa Bi Kanga, hakuna mtu aliyewahi kumkaripia.

Mvua ikaanguka. Tone. Tone. Kisha chwaaa, usiku kucha. Mtama ulikuwa ndani, mkavu.

Asubuhi yake kumbikumbi wakatoka ardhini, kama wafanyavyo baada ya mvua. Bi Kanga akawakaanga, akawaweka kwenye sinia kubwa, kwa chakula cha kumaliza ujenzi. Wageni wakaja. Nyegere akaja na asali.

"Huyu si ndiye yule wa bahati?" Nyegere akauliza.

"Bahati gani," Bi Kanga akasema. "Huyu ni wangu wa jikoni. Anachambua, anasonga, na jana amekandika. Hata ukimshtua hamwagi."

Nyegere akamgeukia Kakakuona. "Umewahi kufanya kazi wapi?"

"Hapa," Kakakuona akasema.

Nyegere akautazama ukuta. Akaonja choroko, akatafuna polepole, akisikiliza kama kuna jiwe. Hapakuwa na jiwe.

"Njoo kesho," akasema. "Nyuki wangu wanashtua sana. Kwangu malipo yapo."

"Mpishi wangu unamchukua huku unakula chakula changu," Ngiri akasema, lakini hakuinuka.

Kakakuona akashukuru. Akachukua jani lake, akaenda kusimama penye mafiga kama siku zote.

"Umesimama hapo unangoja nani?" Kima akauliza, wala hakuinua kichwa. "Njoo ukae."

Kima akasogea. Ngiri naye akasogea, akinung'unika kwamba anabanwa. Kakakuona akakaa katikati yao, akanyoosha mkono kwenye sinia. Hakuna aliyemtazama. Kumbikumbi walikuwa wachache, na kila mtu alikuwa na haraka.

Nanyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, lichukueni hili. Ukikosa kazi, na ukikosa watu, usikae nyumbani kungoja kuitwa. Nenda panapofanywa kazi, ujitolee. Mkono utazoea, na watu watakuzoea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Vyombo vya jioni havijaoshwa, na bado sijasikia mtu akijitolea.