Bi Mhanga na Orodha ya Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mnayo?

Tunayo.

Basi yasogezeni huku, na mwenye simu aizime, maana simu zimo humu hadithini na zitaoneana haya.

Hapo zamani za kale, si kale sana, mtandao ulikuwa umeshafika msituni. Mnara wake alikuwa Twiga. Twiga akisimama wima, wanyama wote wana mtandao. Twiga akiinama kunywa maji, hakuna mtandao. Walishazoea.

Msituni humo aliishi Bi Mhanga. Pua ndefu, masikio kama ya punda, kucha kama majembe. Kazi yake ilikuwa kuwachimbia wenzake mashimo ya kuishi. Kwaru, kwaru, kwaru, udongo unaruka, shimo tayari. Mashimo yake hayaingii maji. Nungunungu alihamia katika shimo la Bi Mhanga akiwa kijana, akaoa humo, akazeeka humo, miiba ikampukutika humo humo.

Kabla ya mtandao, wateja walimjia kwa miguu. Mtandao ulipoingia, hakuja mtu. Kila mwenye shida alimuuliza Hondohondo.

Hondohondo ni ndege mwenye mdomo mkubwa, na mdomo huo ulikuwa na kazi. Alisoma tovuti zote za msituni. Ukimuuliza jambo, anakupangia orodha: "Wa kwanza huyu, wa pili yule, wa tatu yule pale. Waliobaki wako chini." Na huko chini hakushuka mtu. Wanyama walisoma majina matatu, wakachoka, wakaamini.

Ukiuliza habari za mashimo, wa kwanza alikuwa Nyani.

Nyani, jamani, analala mtini. Hajawahi kuchimba hata shimo la choo, na waliowahi kupita chini ya mti wake wanalijua hilo. Lakini kuandika anajua. Alikuwa na kurasa sabini kuhusu mashimo, na alianza kuziandika siku ile ile Twiga alipoanza kuwa mnara.

Bi Mhanga naye akafungua tovuti. Akaandika: "Nachimba mashimo. Njooni." Chini yake akaweka picha ya pua yake, pua nzima. Picha ilikuwa nzito mpaka kila ilipofunguliwa, shingo ya Twiga iliuma.

Akauliza, "Nani anachimba mashimo?" Hondohondo akapanga orodha. Bi Mhanga akashuka, akashuka, akashuka. Akajikuta wa mia moja na arobaini, chini ya Kiboko, ambaye alikuwa ameandika kuhusu shimo la jino lake.

Akamwendea Hondohondo mwenyewe.

"Bwana Hondohondo, mchimbaji ni mimi. Nyani hachimbi. Imekuwaje?"

"Kucha zako sizioni," akasema Hondohondo. "Naona ulichoandika. Andika vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu. Msomaji aone kimemfaa."

"Nikikuletea zawadi?"

"Nafasi siuzi," akasema Hondohondo. "Isipokuwa ile iliyo juu ya wa kwanza. Hiyo ukileta matunda nakuweka. Matunda yakiisha, unashuka."

Bi Mhanga mla mchwa, matunda atayatoa wapi? Akarudi nyumbani na pua yake.

Njiani akakutana na Nguchiro. Nguchiro amevaa tai. Mwilini hana kingine, tai tu.

"Mama yangu, nasikia uko chini," akasema. "Mimi ni mtaalamu wa kupandisha. Nipe kikapu cha mchwa, na ndani ya wiki moja uko juu."

"Utanipandishaje?"

"Hondohondo anapenda neno. Mtu akitafuta shimo, wewe sema shimo. Sema tena. Sema mpaka achoke."

Akampa kikapu. Nguchiro akaandika: "Shimo bora, shimo imara, shimo la shimo, shimo kwa shimo, karibu shimoni kwa mashimo." Kisha akawakusanya tumbili arobaini. Kila tumbili akafungua tovuti yake, na ndani yake akaandika jambo moja tu: nendeni kwa Mhanga.

Kweli akapanda. Mia na arobaini, sitini, ishirini, wa tatu. Bi Mhanga akacheza ngoma peke yake, tii, tii, tii, mpaka vumbi likamwingia puani.

Siku hizo Mama Ngiri alikuwa anahama na watoto wake wanne. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akamuuliza Hondohondo: "Mvua inakuja. Nichimbe shimo wapi lisiingie maji?" Akaletewa majina. Akaanza na la tatu, kwa Bi Mhanga, maana kwato yake ililigusa hilo kwanza. Akasoma shimo bora, shimo imara, shimo la shimo. Akasema, "Huyu ana homa." Akatoka. Akaenda kwa Nyani, wa kwanza. Nyani aliandika kwa lugha tamu: "Chimba kando ya mto. Udongo ni laini, hutachoka." Mama Ngiri akamshukuru, akaenda kuchimba kando ya mto.

Haukupita muda, Hondohondo akajikung'uta manyoya, pururu. Akatangaza, "Kanuni zimebadilika. Wanaorudiarudia neno, nje. Wanaosifiwa na tumbili, nje."

Bi Mhanga akajitafuta. Wa tatu hayupo. Wa mia na arobaini hayupo. Akaandika jina lake mwenyewe, Mhanga. Akaletewa wahanga wa moto, wahanga wa ukame, wahanga wa mapenzi. Yeye hayumo.

Akampigia Nguchiro. Nguchiro akasema, "Ni hali ya mpito, mama." Alipopiga tena, simu imezimwa. Bi Mhanga akakaa kwenye kichuguu. Hamu ya kula mchwa haikuwepo.

Mvua ikaja. Shwaaa, siku ya kwanza. Shwaaa, siku ya pili. Siku ya tatu mto ukapanda. Bi Mhanga akasikia vilio bondeni, akashuka mbio. Akamkuta Mama Ngiri kwenye tope hadi shingoni, watoto watatu mgongoni, wa nne kamng'ang'ania kwenye pembe, anatapika maji.

Hakuuliza. Akawavuta mpaka mlimani, penye udongo mwekundu. Kwaru, kwaru, kwaru. Mlango akauelekeza kwenye mteremko, chumba akakiinua juu ya mlango. Wakaingia. Maji yakapita nje, yakaenda zake.

Walipopata joto, Mama Ngiri akasema, "Mwenzangu, haya ya udongo na mlango uliyajua siku zote?"

"Tangu utotoni."

"Mbona hukuyaandika?"

"Nilidhani kila mtu anayajua."

"Mimi sikuyajua. Ndiyo maana niliuliza. Nilifika kwako kabla ya kwenda kwa Nyani. Nilikukuta unapiga kelele."

Bi Mhanga akamtazama yule mtoto wa nne, bado anatetemeka. Masikio yakamlegea. 

Mvua ilipokatika akafuta yote. Akawaondoa tumbili mmoja mmoja, wengine kwa kubembelezwa, wengine kwa kufukuzwa. Picha ya pua akaipunguza. Kisha akaandika kama vile Mama Ngiri ameketi mbele yake. Udongo gani unafaa. Kwa nini kando ya mto hapafai. Nyoka akiingia ufanye nini. Akampelekea Hondohondo, akamwomba asome tena.

Wiki ikapita, kimya. Mwezi, kimya. Bi Mhanga akamtukana Hondohondo, kwa sauti ndogo. Lakini Mama Ngiri aliwaelekeza ndugu zake kwenye ukurasa ule, na Nungunungu akausifu katika tovuti yake ya miiba. Waliofika walisoma mpaka mwisho. Kiangazi kilipoingia, Bi Mhanga alikuwa wa hamsini. Mavuno yalipofika, wa tisa. Mvua zilizofuata zikamkuta wa nne, na hapo akakwama. Wa kwanza bado Nyani.

Siku moja upepo uliangusha mti wa Nyani, na mawingu yakawa meusi. Nyani akatoa simu, akauliza, "Nani anachimba mashimo?"

"Wa kwanza wewe," akasema Hondohondo.

Nyani akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyemwona. Akajiruka mwenyewe, akamruka wa pili, akamruka wa tatu. Akaenda kubisha hodi kwa Bi Mhanga.

"Karibu," akasema Bi Mhanga. "Kaa kwenye foleni, nyuma ya Kiboko."

Basi, enyi wenye tovuti na msio nazo, fundisho ni hili: mjibu anayekuuliza, kabla hujamfurahisha anayepanga orodha. Anayekuahidi kukupandisha kwa wiki moja, hatakuwepo siku ya kushuka. Na hata ukifanya yote sawasawa, utangoja, tena huenda usiwe wa kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake, mimi sirudii.