Mchocheaji Aliyesimamisha Karakana ya Bibi Atika

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Halab palikuwa na mjane mchamungu, Bibi Atika binti Naufali, aliyemiliki karakana ya vioo yenye mafundi arubaini. Neno lake humo halikupingwa. Naye, kwa kumcha Mola wake, aliiogopa nguvu hiyo kuliko moto wa tanuri.

Siku moja akawakusanya, akasema, "Ndugu zangu, mimi nakaa mbali na tanuri, nyinyi mko mbele yake. Kuanzia leo, yeyote atakayeona hatari na apige kelele, 'Tokeni!' Na wote mtoke, hata kama mimi nimeamuru kazi iendelee."

Ikaingia Shaaban. Walikuwa wakitengeneza kandili mia za msikiti mkuu, Ramadhani ikibisha hodi. Adhuhuri moja mchocheaji wa moto, mtu mnyonge aitwaye Yasari, akasikia mlio ndani ya tanuri. Akapiga kelele:

"Tokeni! Tokeni!"

Mafundi wakatimua mbio, kandili zikaanguka na kuvunjika, moto ukaachwa uzime. Tanuri lilipopoa likakaguliwa tofali kwa tofali. Halikuwa na ufa hata mmoja.

Msimamizi wao, Ghalibu, akamshika Yasari ukosi, akamburuta hadi kwa Bibi. "Bibi, huyu ametupotezea siku kumi za kazi! Mfukuze, wengine wapate funzo."

Yasari akasema, "Sina udhuru, Bibi. Nilisikia mlio, nikaogopa. Nimekosea."

Ghadhabu ikampanda Bibi Atika, maana kandili zile aliziahidi kwa ulimi wake mwenyewe. Akaleta istighfari mara tatu. Kisha akasema, "Ghalibu, nikimfukuza huyu, kesho nani atathubutu kupiga kelele? Yasari, rudi kazini. Ukisikia tena, tupigie kelele tena."

Akaenda mwenyewe kwa imamu, akakiri kwamba kandili zitachelewa. Hakumtaja Yasari. "Kosa ni la karakana yangu," alisema.

Ramadhani ikiwa katikati, kandili za mwisho zikipulizwa, sauti ikapasua karakana: "Tokeni!" Safari hii aliyepiga kelele ni Ghalibu! Watu wakamwagika nje bila kuuliza. Yasari alikuwa ndani kabisa, kwenye kuni. Ghalibu akamrudia, akamvuta mkono, na hawajafika kizingitini tanuri likaporomoka kwa kishindo; wakaruka nje, paa likafuata.

Nje, juani, wakahesabiana. Arubaini! Wote wazima! Takbiri zikatanda mtaa mzima. Bibi Atika akaja mbio bila viatu, akasujudu pale pale vumbini.

Ghalibu akamwambia huku machozi yakimtoka, "Bibi, ufa niliouona ulikuwa mwembamba kama unywele. Wallahi, ungemfukuza Yasari siku ile, leo ningenyamaza."

Basi ewe uliyepewa kuamrisha watu, itazame amri yako: je, walio chini yake wanathubutu kukuambia kweli? Mola atujaalie tuwe wasikivu kwa tuliowekwa juu yao. Amina.