Mstari wa Chiwanga

Mbegu iliyovaa haiingii chunguni. Ndivyo alivyowajibu yule mama wa duka la pembejeo mlipoucheka mtama wake uliopakwa rangi nyekundu kama kucha za bibi harusi. Sasa mnaniuliza msemo huo kautoa wapi. Mimi shule niliisoma vipande vipande, leo hapa, kesho nimehama, lakini hili nalijua, maana nilipita ulikozaliwa. Ulianza hivi.

Ugogoni, upande ule wa udongo mwekundu ambako mvua huja kama mgeni mwenye haraka, waliishi Chiwanga na mkewe Nyemo. Kupanda kwao kulikuwa kwa watu wawili. Chiwanga alitangulia na jembe, akichimba mashimo. Nyemo alifuata, akitia mbegu na kuifukia kwa unyayo. Jembe likisita, unyayo nao unasita. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani wanacheza ngoma.

Tena Nyemo hakupanda mbegu kavu. Aliiloweka usiku mmoja, ili iamke upesi ikionja mvua hata kidogo. Akaianika kivulini mpaka ngozi ikauke. Kisha akaipaka uji wa udongo wa kichuguu, majivu na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, akiizungusha kwenye ungo mpaka kila punje ivae kanzu yake. Sisimizi hawaigusi, kware wanaitema. Kazi hiyo waliiita kuivisha mbegu.

Mwaka wa njaa Chiwanga akaenda kwenye mashamba ya mkonge kutafuta riziki. Alimwachia mkewe kibuyu kimoja cha mtama.

"Mawingu yakisimama, uivishe," alimwambia. "Nitakuwa njiani. Usianze bila jembe langu."

Mawingu yakasimama. Nyemo akaivisha mbegu, akakitundika kibuyu juu ya mlango, na kila jioni akawa anasimama papo hapo akiitazama njia.

Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Bi Matika. Walikula mlenda wa porini, mchana mlenda, jioni mlenda, bila ugali wa kuuchovya. Siku moja Nyemo akarudi na mzigo wa majani, akakuta chungu kinachemka. Kibuyu kiko chini, kimepungua. Bibi kaiosha mbegu, kaiosha tena, kaipika.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepika, mkamwana. Au siku hizi kupika ni wizi?"

"Hiyo ni mbegu!"

"Mimi naona mtama. Mbegu ni jina lake ukiwa umeshiba."

Akachota, akatia mdomoni. Uso ukamkunjamana, akatema. "Uchungu gani huu! Umeivisha kama maiti!"

"Nimeivisha kama mwari, mama. Mbegu iliyovaa haiingii chunguni. Inamngoja mwenyewe."

"Na asipokuja?"

Nyemo akainama. Aliokota punje zilizoanguka, moja moja, akazirudisha kibuyuni.

Bibi akautazama mlango. "Hata mimi namngoja," akasema taratibu. "Ila tumbo langu halina subira kama lako."

Tangu siku hiyo hakukigusa tena kibuyu kile.

Mvua ikanyesha. Njia ilikuwa tupu. Nyemo akasimama shambani na kibuyu mkononi, udongo umelainika, naye hasogei, maana aliambiwa asianze bila lile jembe. Na mvua ya Ugogoni haimsubiri mtu. Mara akasikia nyuma yake jembe likipiga chini.

"Jembe lake hili hapa," alisema Bi Matika, amekonda, anahema. "Na aliyekuwa akilishika nilimzaa mimi. Haya, nifuate."

Wakapanda, jembe mbele, unyayo nyuma. Walipofika katikati ya shamba, Nyemo akasema, "Hapa ruka mstari mmoja, mama. Huo ni wake." Bibi akaruka, akaendelea kuchimba.

Mvua ilikatika upesi, lakini mtama wao ulikuwa umekwisha kuamka. Walivuna. Chiwanga hakuja.

Nilipita pale miaka mingi baadaye, nikaomba maji. Bibi alikwisha kufariki. Mtama umesimama shamba zima, isipokuwa mstari mmoja, mtupu, umepaliliwa safi. Juu ya mlango kinaning'inia kibuyu, na mbegu yake, nikaambiwa, huivishwa upya kila mwaka. Jirani mmoja mwanamume alikuwa anamtania: "Nyemo, hiyo itaozea humo. Nipe mimi nichimbe huo mstari."

Yeye akacheka, akamjibu maneno yale yale aliyomwambia mama mkwe wake. Kisha akanigeukia mimi. "Baba, huko utokako, hukumwona mtu anayetembea kama anachimba?"

Nikasema sikumwona. Tangu hapo nimetembea mno, wanangu, na sijui kutulia. Lakini kila nimwonapo mzee barabarani, ameinama, mikono mbele kama kashika mpini, namfuata hatua mbili tatu nimtazame uso. Nataka nimwambie tu kwamba mstari wake bado uko wazi.

Mbegu iliyovaa haiingii chunguni.