Watatu Langoni na Barua Moja ya Ajira

Sogeeni karibu. Aliyekalia kiti asogee, aliyesimama achuchumae, na yule anayejifanya amesinzia ndiye nitakayemwuliza kwanza. Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la sita, na mpaka leo naamini hasara ilikuwa ya shule. Lakini kutega fumbo najua. Hili la leo nimelitega mahali pengi, na kila mahali watu wazima wameondoka wamenuniana. Basi sikilizeni vizuri, maana sitarudia.

Katika mji mdogo wa Magomba, chini ya milima, walikuwako watu watatu waliotafuta kazi. Si kwamba walikaa bure. Kibarua walikipata: leo kupakua saruji, kesho kufyeka uwanja wa zahanati, keshokutwa hakuna. Walichokitafuta ni ile ambayo Magomba huiita kazi yenye mwisho wa mwezi. Kila asubuhi walikaa kwenye lango la ofisi ya maji wakingoja kuitwa kuchimba mitaro, na walikuwa na desturi yao: atakayeitwa siku hiyo, jioni huwanunulia chai wawili waliobaki. Kibarua kimoja, vikombe vitatu. Kwa desturi hiyo walikaa miaka miwili bila kugombana.

Wa kwanza aliitwa Sikudhani, mama wa watoto wawili, na kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Kitu akikiona mara moja hakimtoki. Aliwahi kuuza maandazi, mama yake akaugua, mtaji ukaishia kwenye dawa. Akabaki kufua nguo za watu siku ambazo haitwi.

Wa pili aliitwa Kobelo, na kipaji chake kilikuwa sikio. Miaka kumi na moja alihudumia mashine ya kusaga, na ugonjwa wa mashine aliusikia siku tatu kabla haijaharibika. Mwenye mashine akafa, warithi wakaiuza kama chuma chakavu. Kodi ikamshinda Kobelo, mwenye nyumba akaja mchana kweupe, akang'oa mlango wa chumba chake, akaondoka nao begani. Kobelo akatundika shuka.

Wa tatu aliitwa Chanzi, mdogo wao kwa umri, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kinachovuja kikipita mikononi mwake hunyamaza. Lakini spana zake zilikuwa zimewekwa rehani kwa gunia la mahindi, na mkewe alikuwa amerudi kwao na mtoto. "Sijakuacha," alimwambia. "Nakusubiria kwetu. Ukipata kazi yenye mwisho wa mwezi, njoo utuchukue."

Sasa siku moja maji ya Magomba yakakatika. Chemchemi mlimani inatoa, tangi mjini ni kavu. Mahali fulani katikati, katika mwendo wa saa mbili kwa mguu, bomba lilikuwa limepasuka chini ya ardhi, na mchanga unayanywa maji yote bila hata tone kuonekana juu. Aliyejua bomba limepita wapi alikuwa mmoja tu, fundi wa njia, marehemu Mzee Msimbe. Miaka thelathini aliificha njia ile kichwani mwake asimwonyeshe mtu, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumwondoa kazini. Akafa nayo. Ramani za ofisini nazo zilikwisha liwa na mchwa. Watu wakachimba kando ya barabara siku tisa, wakapata mizizi. Mji ukanywa maji ya kinamasi, watoto wakaanza kuharisha, na Sikudhani hakuwa na nguo ya kufua kwa sababu hapakuwa na maji ya kufulia.

Siku ya kumi meneja wa ofisi ile, Bi Stamili, akatoka mwenyewe hadi langoni.

"Nafasi ya fundi wa njia iko wazi," akasema. "Ni ya kudumu. Mshahara, bima na kiinua mgongo. Atakayeyarudisha maji, nafasi ni yake."

"Mama, hapa tuko watatu," Kobelo akasema.

"Na nafasi iko moja, kaka yangu. Maji kwanza."

Hapo ndipo Sikudhani alipotambua kwamba bomba linalotafutwa ni lile aliloliona utotoni. Alipokuwa mtoto wa miaka saba alimpelekea baba yake chakula mtaroni, siku walipokuwa wakilitandika bomba lile. Wachimbaji wote wa wakati ule wameshatangulia mbele ya haki, lakini njia ilikuwa imebaki machoni pake. "Halifuati barabara," akawaambia wenzake. "Linaachana nayo kwenye ghala la pamba, linapita nyuma ya makaburi, kisha linalizunguka lile jiwe kubwa." Chanzi akamvuta pembeni. "Dada, funga mdomo. Nenda kwa meneja umwambie barua kwanza, njia baadaye. Msimbe alikula kwa siri hiyo miaka thelathini." Sikudhani akasimama kidogo. Siri ile ilikuwa yake peke yake, na kazi ilikuwa ndani yake. "Na hao watoto wanaoharisha," akauliza, "wasubiri mpaka nimalize kusaini?" Akabeba mzigo wa vigingi vya miti, akatangulia, akavipigilia kimoja baada ya kingine mpaka mlimani, mji mzima ukimtazama.

Kesho yake ikawa zamu ya Kobelo. Alianza asubuhi kabla upepo haujaamka. Akachukua nondo, ncha moja ardhini, ncha nyingine sikioni, akafuata vigingi vile hatua kwa hatua. Anasimika, anasikiliza, anang'oa. Jua likapanda, shingo ikakakamaa. Karibu na lile jiwe kubwa akasikia ardhi inakoroma. Wenzake walikuwa mbele hatua hamsini, hawakumwona. Angeweza kupita kana kwamba hakusikia kitu, akarudi baadaye peke yake na koleo lake, na kazi ikawa yake. Aliniambia kwa kinywa chake, "Nilivuta pumzi kumi pale. Pumzi kumi nikiwa fundi wa njia." Ya kumi na moja akaitumia kupaza sauti: "Rudini. Ni hapa."

Wakachimba wote watatu, kina kirefu kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kona, maji yanaruka kama yamekasirishwa, na koki ya kule mlimani ilikuwa imeshika kutu, haifungiki. Bomba lenyewe ni la kizamani, kiungo chake hakipo ghalani. Kobelo akaangalia chini, akasema nusu utani, "Mdogo wangu, sasa ndio wakati wa kudai barua. Sisi karata zetu tumeshazicheza." Na ilikuwa kweli: mwenye mikono ya kazi ile alikuwa mmoja tu. Chanzi akavua shati. "Nikidai saa hizi, shimo litabomoka kabla meneja hajapata kalamu." Akashuka, maji yakamfika kifuani. Akauvuta mpira wa ndani wa tairi la lori juu ya ufa, akazungushia kipande cha bati la pipa, akakaza kwa waya, waya ukakatika, akaanza upya. Saa nne nzima. Walipomtoa kwa kamba midomo yake ilikuwa ya kijivu na vidole havikunjuki. Jioni tangi la mji likaanza kunguruma, na wanawake wakatoka na ndoo.

Mnaona ilivyo? Haya, subirini, fumbo lenyewe bado.

Ijumaa Bi Stamili akaleta barua. Imepigwa chapa vizuri, muhuri upo, ila mahali pa jina pameachwa wazi. "Nimewauliza wakubwa, nafasi ni moja," akasema. "Mimi sitachagua. Mmefanya wote, amueni wote. Jumatatu saa nne nataka jina. Barua ikirudi tupu, makao makuu wataleta mtu wao."

Jumatatu asubuhi wakaketi palepale langoni, barua katikati.

"Tuandike jina moja, mshahara tugawane," Chanzi akaanza. "Kama chai."

"Na bima tutaigawanaje?" Sikudhani akamwuliza. "Mwanangu akiugua nimwambie daktari mimi ni theluthi ya fundi?"

Kobelo akacheka, na hicho kikawa kicheko cha mwisho siku ile. "Na mkeo akirudi, Chanzi, akute bado unanipa fungu mimi kila mwezi? Atauliza huyu Kobelo ni mtoto wako wa ngapi."

Chanzi akasema, "Basi tuseme kweli. Kazi ni kuziba mabomba. Nani kati yetu anaziba?"

"Utaziba nini usipojua pa kuchimba?" Kobelo akadakia. "Mikono inafundishika, mdogo wangu. Sikio halifundishiki."

"Na wewe utalisimika sikio lako wapi," Sikudhani akasema, "bila njia?"

Kobelo akatazama chini. Akatoa neno alilolijuta kabla halijamaliza kutoka.

"Njia sasa tunaijua wote, dada."

Mlinzi wa lango, aliyekuwa akisikiliza, akajifanya ana shughuli na kufuli.

"Ndiyo," Sikudhani akasema polepole. "Mnaijua kwa sababu niliwaonyesha. Msimbe hakumwonyesha mtu, akala mpaka kufa."

"Hakusema kwa ubaya," Chanzi akasema.

"Najua. Amesema kweli, ndiyo maana inauma."

Kobelo akachukua kalamu, akamsogezea. "Andika lako, yaishe."

Sikudhani hakuigusa. "Sitaki ya kuhurumiwa. Sema nimeistahili kuliko nyie, nitaandika."

Shuka la Kobelo lilikuwa linapepea mlangoni pake wakati huo, na pumzi zake kumi alikuwa anazikumbuka. Akamtazama Chanzi ili Chanzi aseme. Chanzi akaviangalia vidole vyake, ambavyo mpaka siku hiyo vilikuwa bado havijakunjuka sawasawa, naye hakusema. Walikuwa hawachukiani, mnielewe. Kila mmoja alikuwa na wakati wake ambapo kazi yote ilikuwa mkononi mwake, akaiachia kwa ajili ya mji. Sasa mji unakunywa, na wao wanatazamana.

Lango likafunguliwa. Bi Stamili akatoka, akanyoosha mkono. "Saa nne," akasema.

Na mimi naishia hapo. Usiniambie wagawane, hilo wamelijaribu. Usiniambie apewe mwenye shida zaidi, maana asiye na mtaji, asiye na mlango na ambaye mkewe amerudi kwao hawapimwi kwa kibaba kimoja. Usiniambie apewe mwenye ufundi, kisha umwache aliyewaonyesha wenye ufundi pa kusimama. Wala usiniambie Mungu anajua. Anajua, ila kalamu hakuishika Yeye. Jibu langu ninalo, tena zuri, lakini nikilitoa mtaacha kufikiri, na mimi sikuja hapa kuwalaza.

Aliyeonyesha njia, aliyesikia ufa, aliyeziba. Barua moja, na nafasi ya jina moja. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini wanapoinuka kwenda zao?