Kidonge cha Pili

Wapendwa, somo tumelisikia. Sasa niwape kisa cha mzee mmoja, dereva wa treni aliyestaafu. Moyo wake ulikuwa umechoka, hausukumi tena damu inavyotakiwa, na maji yakawa yanajaa mwilini. Miguu ilivimba hata kandambili hazimwingii. Akilala chali pumzi inambana, kwa hiyo alilala ameketi. Dawa ya kupunguza maji alikuwa akimeza, lakini ilifika mahali ikawa haitoshi.

Mzee huyu aliishi na mwanawe na mke wa mwanawe. Huyo mkwe ndiye aliyempeleka kliniki. Daktari akawaeleza kwamba dawa ya kwanza haiachwi; anaongeza ya pili, kidonge kidogo cheupe kinachofanya kazi sehemu nyingine ya figo, ili zisaidiane. Mzee apimwe uzito kila asubuhi, na baada ya wiki arudi kupimwa damu.

Siku mbili za mwanzo mzee alishinda njia ya chooni. Dada yake alipokuja kumjulia hali alimkuta hivyo, akamnong'oneza, "Kaka, dawa mbili za kazi moja? Huyo binti anakukausha. Jiangalie."

Siku ya nne miguu ikaanza kuvimba upya na mizani ikapanda. Mkwe akasema dawa anampa kila siku. Dada akauliza ni nani amemwona akimpa. Hakuna, maana mume huondoka alfajiri. Na chakula je, anapika nani? Ni yeye huyo huyo. Wiki haijaisha, mzee akabanwa pumzi, akalazwa. Mume akamwambia mkewe arudi kwao mpaka ukweli ujulikane.

Ngojeni kidogo. Hapo mlipokaa, mnamshuku nani? Msinijibu mimi, jijibuni wenyewe.

Hospitalini wauguzi walimchoma sindano ya ile dawa ya kwanza, wakampa na kidonge cheupe, wakasimama pale pale mpaka ameze. Siku ya tatu miguu ilikuwa imenywea, ngozi imejikunja. Mwanawe alipokuja, alifurahi mno.

"Umeona, baba? Dawa ni zile zile. Aliyekuwa akikuua nimeshamrudisha kwao."

Mzee akajiinua, akaketi kitandani.

"Alikuwa ananipa," akasema. "Kila asubuhi, na glasi ya maji. Kile cheupe nilikificha chini ya ulimi. Akishaondoka, nakitema."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mwanzoni nilimwogopa, kwa maneno ya shangazi yako. Baadaye nikaona aibu."

Mnaona, ndugu zangu? Shangazi alishuku, mume akashuku, na sisi humu ndani tukashuku pamoja nao. Mzee tu ndiye aliyejua, akanyamaza huku mtoto wa watu akifungasha nguo zake.

Kijana alikwenda ukweni kuomba radhi, na binti akakubali kurudi. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya mzee kutoka hospitali, binti aliweka vidonge viwili mezani, kisha akaenda kumgongea jirani. Jirani alipoingia, binti akapiga goti, akasema kwa upole, "Baba, dawa yako hii hapa. Nisamehe, sitakupa tena bila shahidi."

Mzee akameza vyote viwili mbele ya jirani, machozi yakimtoka.

Sisi husema tunajihadhari tu. Tunachunguza sufuria ya mkwe, tunapekua simu ya mwenzi, tunakagua mfuko wa msichana wa kazi anapotoka. Na tukigundua tulikosea, tunasema samahani na kudhani yamekwisha. Uvimbe wa yule mzee uliisha kwa siku tatu. Yule binti, huu ni mwaka wa pili, bado anamgongea jirani kila asubuhi. Wewe unayenisikiliza, nyumbani kwako ni nani asiyethubutu tena kukupa hata maji ya kunywa bila shahidi?