Mwalimu Mbega Afundisha Kuchimba Juu ya Mti

"Paukwa."

"Pakawa."

"Mmekaa vizuri?"

"Tumekaa."

"Na masikio yapo?"

"Yapo, tupe."

Hapo zamani za kale, tumbili walikuwa na shule. Shule yenyewe ilikuwa juu ya mti mrefu, kwa sababu mwalimu wao alikuwa Mbega. Mnamjua Mbega: mweusi, na joho refu jeupe mabegani. Chini kuna vumbi. Joho likichafuka, nani atamwita Mwalimu?

Somo lilikuwa moja, nalo ni mahindi. Huko bondeni watu walilima mahindi kila mwaka, na tumbili waliishi kwa mahindi hayo. Msiniulize kama huo ni wizi. Tumbili wenyewe waliuita mavuno. Basi Mbega akawafundisha kunyemelea shamba, kuvunja hindi na kumenya hindi. Yeye mwenyewe alikula majani ya mtini. Hindi hakuwahi hata kulionja.

Katika shule hiyo alisoma binti tumbili, jina lake Kidawa. Mama yake alikuwa ameanguka akavunjika mguu, na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Kidawa ndiye aliyetafuta chakula. Akikosa, wote watatu walilala njaa.

Mwaka mmoja Kidawa alishuka bondeni, akarudi mikono mitupu.

"Mwalimu," akasema, "mahindi hayapo. Kuna vijani vifupi tu, na ngiri wanachimba chini yake."

"Mtihani unauliza nini, Kidawa?"

"Mahindi, Mwalimu."

"Basi soma mahindi."

Wakasoma mahindi. Wote wakafaulu. Jioni wakala majani, matumbo yakawauma.

Wazazi wakaja shuleni wakinung'unika. Mbega akawasikiliza kwa adabu, maana alikuwa msikivu sana.

"Nimewaelewa," akasema. "Dunia inabadilika. Kuanzia kesho tunafundisha kuchimba."

Wazazi wakapiga makofi, wakaenda zao. Kesho yake watoto wakapangwa kwenye tawi.

"Kuchimba ni nini?"

"Kuchimba ni kuondoa udongo kwa makucha," wakaitikia.

"Tena."

"Kuchimba ni kuondoa udongo kwa makucha."

Kisha yakaja mazoezi. Watoto wakachimba hewa. Mmoja akachimba kwa bidii mno, akaporomoka mpaka chini kwenye udongo wenyewe. Akapewa sifuri kwa kutoka darasani bila ruhusa.

Kidawa akainua mkono. "Mwalimu, udongo uko wapi?"

"Udongo ni wa mwaka wa tatu."

Siku hiyo maziwa ya mama yakakauka. Mtoto akalia mpaka sauti ikapotea. Kidawa hakungoja mwaka wa tatu. Kulipokucha akashuka bondeni.

"Shikamoo, mjomba Ngiri."

"Marahaba. Leo mwanafunzi hana shule?"

"Ninayo. Tunasoma kuchimba."

"Juu ya mti?" Ngiri akacheka mpaka akapiga chafya.

"Nifundishe basi, mjomba."

"Mimi sina ualimu, binti yangu. Nina njaa tu. Tazama ukitaka."

Kidawa akatazama, kisha akachimba. Mara ya kwanza akapata jiwe. Mara ya pili akavunja ukucha. Mara ya tatu akapata karanga. Akajaza mashavu, akampelekea mama. Mama akala, maziwa yakarudi, mtoto akanyamaza.

Shuleni Kidawa akafutwa kwa utoro. Wenzake wakasoma mpaka mwaka wa tatu wa kuchimba, wakahitimu wote, wakavishwa mataji ya majani. Wakateremka bondeni wakiimba, "Kuchimba ni kuondoa udongo kwa makucha."

Walipofika, karanga hazipo. Watu wamepanda alizeti. Mimea mirefu, na vichwa vya njano vimeinama. Wahitimu wakachimba kila mahali, wakapata mizizi.

Kidawa naye alikuwa hapo, na alizeti hakuijua. Akakaa akatazama. Akaona ndege wanadonoa vile vichwa. Akavuta shina likainama, akatoa mbegu, akaitafuna na ganda lake, akatema. Ya pili akaimenya kwanza. Ya tatu akaimenya, akaimeza, akacheka.

"Nani kakufundisha hiyo?" wahitimu wakauliza.

"Hakuna. Nimewatazama ndege."

"Kwani wewe umehitimu?"

"Sijahitimu."

Wahitimu wakatazamana. Kula chakula cha asiyehitimu ni aibu. Aibu hiyo ikawazuia kidogo sana, kisha njaa ikawasukuma, wakavuta mashina. Tangu hapo watoto wa tumbili husoma chini. Kila msimu huanza kwa kutazama shamba, kisha kuuliza majirani, kisha kujaribu kwa mikono yao.

Mbega alibaki juu, na yuko juu hadi leo. Nasikia amemaliza kuandaa somo la alizeti, tena zuri sana. Bondeni wamepanda mihogo.

Basi wanangu, hadithi hii inatufunza kwamba shamba la mwaka ujao hakuna mwalimu aliyeliona. Mwalimu mwema hamjazi mtoto mavuno ya mwaka jana. Humfundisha kutazama, kuuliza na kujaribu.

Hadithi yangu naifunga hapa. Aliyechoka akalale, mwenye swali abaki.