Amri ya Bwana Kashindye

Nyamizi alibakiza karatasi moja tu ili amfuate mumewe, Lutonja, huko Kanada: barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba wao ni mke na mume. Mtendaji, Bwana Kashindye, alikunja mikono.

"Yule mtamba wako mweusi akiingia zizini kwangu, muhuri utatoka kwenye droo."

"Nimesikia, mtendaji."

Baada ya wiki moja Nyamizi alirudi akilia, kanga usoni.

"Barua siitaki tena. Nimekuja kumshtaki Lutonja. Anakula raha zake Kanada, mimi kanitelekeza! Ila najua huyo humuwezi. Yuko mbali."

Kashindye alivuta kiti.

"Nani kakwambia simuwezi? Mume ni mume, hata awe mwezini!"

Akaandika, huku Nyamizi akimkumbusha tarehe ya ndoa na majina ya mashahidi: "Wewe Lutonja, uliyemuoa Nyamizi kihalali mbele yangu, nakuamuru umchukue mkeo ukaishi naye huko uliko, kabla mwaka haujaisha."

"Ataogopa kweli?" Nyamizi aliuliza, akifuta machozi.

Kashindye akagonga muhuri mara tatu.

Mwaka haujaisha, simu ya Kashindye iliita.

"Shikamoo, mtendaji. Ni Nyamizi, niko Kanada. Watu wa uhamiaji waliisoma barua yako wakaridhika. Lutonja anakusalimu, anasema ametii amri."



"Na yule mtamba?"

"Yuko kwa mama. Kazaa."